Volti Ishirini na Nne

Orest Hnatiuk alikuwa amepewa muda hadi Jumanne, ingawa aliyempa muda huo hakujua kwamba kampa. Jumanne asubuhi Stefka, mke aliyeishi naye miaka thelathini na minane, angepanda ndege kwenda kwa dada yake Daria kule Victoria, pwani ya Kanada, ambako Januari ni mvua tu na watu hutoka nje bila kufunika masikio. Angekaa mpaka Machi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, mpaka Machi, lakini Orest aliyasikia maneno hayo vingine kabisa, na tangu hapo hakukalika. Akiketi anasimama, akisimama anakwenda dirishani, akifika dirishani anakumbuka kitu chumba cha chini.

Sababu ilikuwa hewa. Kila mwaka Krismasi ikishapita na baridi ya jimbo lao la Saskatchewan kukaza, tanuri la gesi la kupashia nyumba joto, lililo chumba cha chini, huwaka usiku na mchana na kukausha kila kilichomo. Mbao za sakafu zinaachana. Mkate wa asubuhi unakuwa kuni kabla ya saa sita. Ukishika kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Na pua ya Stefka hutoka damu, koo likamwasha usiku kucha, akakohoa mpaka alfajiri.

"Siwezi tena, Orest," alisema Jumapili iliyopita, kitambaa chenye damu mkononi. "Daria ana chumba. Nitakwenda huko."

"Sawa," Orest alisema.

Basi, neno hilo moja. Mwanamume mwingine angeuliza, angebembeleza, hata angegombana kidogo ili ijulikane kwamba yumo ndani ya nyumba. Orest alisema sawa, akavaa buti. Kesho yake alirudi kutoka duka la vifaa na sanduku kubwa, na ndani yake mashine ya unyevu ya nyumba nzima, ile inayofungwa ubavuni mwa tanuri: maji yanachuruzika juu ya wavu, hewa ya moto inapita hapo, inaubeba unyevu na kuufikisha vyumbani. Hesabu yake ilikuwa fupi. Hewa ikilainika kabla ya Jumanne, Stefka hana sababu ya kuondoka. Asipokuwa na sababu, hataondoka. Masikini, aliiamini hesabu hiyo kama mtu anavyoamini rula.

Kufikia Jumamosi mchana alikuwa amekata bati, ametoboa bomba kubwa la hewa, ameifunga mashine kwa skrubu na kuunganisha mpira wa maji. Zilibaki nyaya tu, na ukitaka kumchekesha Orest, mwambie kwamba nyaya ni kazi ngumu. Miaka thelathini na mitatu alipanda nguzo za umeme za jimbo, katika dhoruba za barafu, akishika kwa glavu nyaya za volti elfu ishirini na tano. Alimzika mwenzake mmoja aliyeuawa na kazi hiyo. Waya mkubwa aliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwewe. Lakini hizi za tanuri! Nyembamba kama tambi, nyekundu, nyeupe, kijani, na ndani yake volti ishirini na nne. Orest alizishika kwa vidole vitupu na kuguna kwa dharau.

Ubavuni mwa tanuri kulikuwa na swichi ya kuzima umeme. Hakuizima. Stefka angesikia nyumba imenyamaza na angeanza maswali, na Orest alitaka asikie jambo likiwa limekwisha. Na nyuma ya mlango wa bati wa tanuri kuna kiswichi kingine kidogo: ukiufungua mlango, chenyewe kinakata umeme mpaka uufunge tena. Fundi wa kweli hukishukuru kiswichi hicho. Orest alikibana kwa tepu ili kifikiri mlango umefungwa, akaingiza mkono humo ndani, moto ukiwaka na feni ikivuma, akaanza kazi.

Waya mwekundu ukamteleza. Ukagusa ukuta wa bati.

Cheche ilikuwa ndogo, na mlio wake tiki, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Taa ndogo ya kijani ikazimika. Moto ukaingia ndani ya matundu yake, feni ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Orest alibaki na bisibisi hewani. Kimya kilikuwa kikubwa hata akasikia hatua za mkewe jikoni, juu ya kichwa chake. Hatua zikaja mpaka mlango wa ngazi.

"Orest? Mbona kimya?"

"Nimelizima kidogo!"

"Kidogo mpaka lini?"

"Dakika tano!"

Dakika tano zikawa ishirini, ishirini zikawa saa nzima. Aliondoa tepu, akarudisha tepu. Akafunga mlango wa tanuri, akaufungua, akaufunga kwa ngumi. Akajaribu swichi zote za ukutani mara tatu, moja moja, kama mwenye deni na kila mojawapo. Nje kulikuwa na nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, na katika nchi ile nyumba isiyo na tanuri ina saa chache tu: kwanza wanapata baridi watu, kisha mabomba ya maji, na mabomba yakipasuka huna nyumba, una bwawa la barafu lenye paa. Orest alilijua hilo vizuri. Alipanda ngazi mbilimbili kwenda kubadilisha betri za kidhibiti joto kilichokuwa ukutani, karibu na jikoni. Kilisoma kumi na saba.

Stefka alikuwa mezani anakunja pirohi, vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani yake, koti la nje mabegani. Hakuinua macho.

"Betri hizo ulibadilisha mwezi wa kumi."

"Huwa zinakufa."

"Zinakufa hasa wewe ukiwa na mkono ndani ya tanuri?"

"Ni jambo dogo, Stefka. Volti ishirini na nne."

"Dogo, na unga umeniganda vidoleni. Kamwite Metro."

Metro Wasylyshyn alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mzee wa miaka sabini na mitatu, na kwa miaka arobaini ndiye aliyefunga na kutengeneza nusu ya matanuri ya mji wa Yorkton. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwita. Ndiyo maana Orest hakutaka kulisikia jina lake.

"Metro! Huyo atalisimulia hili mpaka Pasaka. Kanisani, kwenye mchezo wa mawe ya barafuni, kwa kinyozi."

"Asimulie. Asimulie sisi tukiwa na joto."

"Nitaliweza mwenyewe."

"Umekuwa ukiliweza tangu saa nane."

Akashuka tena. Mficha uchi hazai, lakini mwambie hayo mtu mwenye miaka sitini na minane ambaye hajawahi kuomba msaada wa waya. Alikaa mbele ya tanuri akalitazama. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga huo haukuwa wa mabomba. Leo Jumamosi inakwisha. Kesho Jumapili. Kesho kutwa Jumatatu.

Alipopanda tena kidhibiti kilisoma kumi na tano, na jikoni hakukuwa na mtu. Stefka alikuwa chumbani, sanduku la safari wazi juu ya kitanda. Orest alisimama mlangoni bila yeye kumwona. Alimwona akikunja sweta la kijivu, akaliweka. Soksi, akaziweka. Kisha akaenda kabatini, akatoa gauni la buluu lenye maua yaliyotariziwa shingoni, lile alivaalo kanisani asubuhi ya Pasaka na siku nyingine hapana, akalilaza juu ya vitu vingine vyote na kulinyoosha kwa kiganja.

Pasaka mwaka ule ilikuwa mwishoni mwa Aprili.

Orest alishuka kimyakimya, akavaa buti na koti, akatoka. Akachomoa waya wa umeme wa kupashia injini joto, akaiwasha pikapu yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakungoja ipate moto.

Metro alikuwa mahali awapo kila Jumamosi, nyuma ya kioo cha ukumbi wa mchezo wa mawe, kahawa mkononi, akiwatazama wenziwe wakiyatelezesha yale mawe mazito juu ya barafu na kuifagia mbele yake kwa mifagio. Wazee wengine watatu waliketi naye.

"Aa, Bwana Nguzo!" aliita. "Leo umekuja kutazama wanaume wakifagia?"

"Metro, twende kwangu."

"Kuna nini? Shemeji anaumwa?"

"Tanuri."

Metro aliweka kikombe chini. "Limefanyaje?"

"Limezimika."

"Limezimika, au limezimwa?"

Orest aliangalia barafu. "Nilikuwa nafunga mashine ya unyevu. Waya ukagusa bati."

"Na umeme ulikuwa umeuzima, bila shaka, mtu wa kazi kama wewe."

"Ni volti ishirini na nne, Metro."

Metro alitikisa kichwa. Aliwageukia wale watatu, uso mzito kama yuko matangani. "Mmesikia jamani? Mtu kalala na elfu ishirini na tano miaka thelathini na mitatu, leo kaangushwa na umeme wa kengele ya mlango!"

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa kahawa. "Mnunulieni glavu za jikoni!" alisema mwingine. "Za waridi!" Siku nyingine Orest angejibu, maana kwa matusi ya utani hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Siku hiyo alishika ukingo wa meza.

"Utacheka njiani. Nyumba iko nyuzi kumi na tano na Stefka yumo."

Kicheko kikakatika. Katika nchi ile watu hucheka kila kitu, ila hawaicheki nyumba isiyo na moto. Metro alikuwa ameshavaa koti.

Chini, mbele ya tanuri, Metro alipiga magoti kwa kishindo, akaufungua mlango wa bati, akamulika tochi. Jambo la kwanza aliloliona ni tepu.

"Hii nani kaweka?"

Orest alijikuna shingo.

"Usijibu. Ni shetani. Kapita tu, akaona kiswichi, akakibana." Akaibandua na kumbandikia Orest kwenye mkono wa koti. Kisha akachomoa kitu kidogo cha plastiki kama ukucha, chenye vijiguu viwili, akakiinua kwenye mwanga. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika. "Fyuzi. Ampea tano. Amekufa huyu kwa ajili yako."

"Kumbe lina fyuzi?"

"Kumbe lina fyuzi! Bwana we, maisha yako yote umepanda nguzo usiku kubadilisha fyuzi za watu, na hukufikiri kwamba tanuri lako nalo linayo?"

Hilo lilimchoma Orest kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ametafuta kosa kubwa saa mbili nzima, na kosa lilikuwa na ukubwa wa ukucha.

"Duka lipi litakuwa wazi sasa?" aliuliza.

"Duka liko mbele ya nyumba. Hizi ni zilezile za magari. Kalete moja kwenye pikapu yako, ya rangi hiihii."

Alikimbia. Alirudi nayo ikiwa baridi kama jiwe, vidole vimekufa ganzi.

"Ya nini hii kwenye gari?" Metro aliuliza.

"Sijui. Taa ya ndani, labda."

"Utakaa gizani basi. Unastahili."

Ikaingia. Taa ya kijani ikawaka, kitu kikabofya, gesi ikapumua, na miali ya buluu ikashika mstari mzima. Baada ya muda feni ikaanza kuvuma. Orest aliegemea ukuta, na kama Metro asingekuwepo angelia. Alitamani kulia. Akafuta pua tu.

Stefka hakumwachia Metro aondoke bila kula. Walikaa jikoni saa nzima, pirohi na vitunguu vya kukaangwa na maziwa ya mgando juu yake, nyumba ikipanda polepole: kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Metro alikula kama mtu aliyeitwa kwa kazi hiyo. Orest alikuwa akiligeuza pirohi moja katika sahani, mguu wake ukitikisa meza.

"Sasa ile mashine ya unyevu," alisema. "Tuimalize. Nataka asilimia arobaini na tano."

"Ngapi?"

"Arobaini na tano. Daktari alisema hiyo ndiyo nzuri kwa pua."

"Daktari anakaa wapi, Jamaika?" Metro alipangusa mdomo. "Kwa baridi hii weka kumi na tano. Ishirini, ukibahatika. Ukizidisha, unyevu wote unakimbilia madirishani na kuganda huko. Siku ya tatu mlango haufunguki. Kiangazi kikija unakuta kuta zimeoza kwa ndani."

"Lakini hewa ndiyo kavu sasa."

"Ndivyo ilivyo. Baridi ikizidi, unapunguza."

"Yaani tunapoihitaji zaidi ndipo haifanyi kazi?"

"Inafanya. Kidogo." Metro alimwangalia vizuri, na safari hii hakutania. "Pua ya shemeji itapata nafuu, damu itapungua. Lakini kama ulinunua hii ikuletee bahari hapa, Orest, bahari haitakuja."

Orest alimtazama mkewe. Stefka alikuwa akiokota kipande cha kitunguu kwa uma, taratibu, kama kwamba hayakuwa yanamhusu. Wiki nzima ya kukata bati ikamwishia Orest mikononi. Alihesabu tena, bila kutaka: Jumapili, Jumatatu.

Metro alisimama akajinyoosha mgongo. "Nakwenda kukufungia hizo nyaya ili maji yafunguke moto ukiwaka tu, si kutwa nzima. Nazima umeme. Umenisikia vizuri? Na-zi-ma. Dakika ishirini."

"Nije nikushikie tochi."

"Wewe shika uma. Ukishika tochi utaibana kwa tepu."

Akashuka. Baada ya kidogo feni ikanyamaza tena. Mume na mke wakabaki mezani.

"Asilimia ishirini," Orest alisema hatimaye. "Inatosha?"

"Inatosha kwa pua."

"Basi hutakwenda."

"Nakwenda."

Orest alisimama, akakaa. "Sasa kwa nini? Metro kasema damu itapungua. Kesho asubuhi utaona tofauti. Naweza kuweka na sufuria za maji kwenye—"

"Orest." Stefka aliweka uma chini. "Nilikuambia nakwenda kwa Daria. Ukanijibu nini?"

"Nikasema sawa."

"Ukasema sawa. Nilisimama palepale na kitambaa puani kama mjinga, nikangoja uniulize kitu. Chochote. Ukavaa buti."

"Nilikwenda kununua—"

"Najua ulichonunua! Wiki nzima nasikiliza mkasi wa bati. Tangu ustaafu unaishi chini ya miguu yangu. Ukimaliza ngazi unaanza rafu, ukimaliza rafu unaanza bomba. Mimi nakula na saa ya ukutani. Nimekutajia pua kwa sababu pua ni kitu unachoelewa, kinavuja."

Orest aliisukuma sahani yake kando.

"Binti wa Daria alipoolewa, ulikuja?" aliendelea Stefka, sauti yake kavu ikikwaruza. "Mume wa Daria alipofariki, ulikuja? Nilimzika shemeji yangu nikiwa nimesimama peke yangu kama mjane wa pili."

"Ilikuwa Januari, Stefka. Ile nyingine ilikuwa Februari. Nani angeangalia tanuri?"

Maneno hayo yalimtoka yenyewe, jinsi yalivyozoea kumtoka. Na hayakuwa uongo. Nyumba haiachwi peke yake wakati wa baridi. Mtu akisafiri humpa mwingine ufunguo, na huyo hupita kila siku, akasikiliza kama tanuri linawaka, akafungua bomba la maji kidogo, akaenda zake. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Watu walikwenda Arizona miezi mitatu na kurudi wakiwa wekundu kama nyanya, nyumba zao ziko salama. Ila Orest, aliyeshika ufunguo wa wengine mara nyingi, wa kwake hakuwahi kumpa mtu.

Stefka hakupiga kelele. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akaanza kukusanya sahani.

"Gauni la Pasaka," Orest alisema.

"Nini?"

"Umeliweka kwenye sanduku. Nimeona. Machi hakuna Pasaka."

Uso wa Stefka ulibadilika rangi. Alibaki na sahani mkononi.

"Sitaki uende," Orest alisema. Mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika, ikakosa, akaiweka juu ya meza. "Naogopa utazoea kule na hutarudi. Sijui kukaa humu bila wewe. Hata ukiwepo sijui kukaa, unaniona mwenyewe. Lakini bila wewe sijui kabisa."

Stefka aliirudisha sahani mezani polepole. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima, Orest, umetoboa nyumba, umetugandisha, kumbe maneno yenyewe ndiyo hayo tu."

"Ndiyo hayo."

"Jumanne nakwenda. Nataka kwenda. Nataka kutembea nje bila kufunga shingo."

"Najua."

"Lakini kwenda peke yangu sikusema mimi. Hilo ulilisema wewe, uliposema sawa."

Orest alisimama. Kwa kawaida akisimama hivyo ni kukimbia, na Stefka aliinua mkono kama anayekata tamaa. Lakini hakwenda dirishani. Alishuka ngazi, moja moja, akiyapanga maneno: Metro, nina ombi. Hapana. Metro, kama hutakuwa na kazi nyingi. Hapana. Alifika chini, na maneno yote yalikuwa yamemtoroka kama kawaida yake.

Metro alikuwa amepiga magoti, mgongo umemgeukia, anakaza skrubu ya mwisho. Hakugeuka. Alirusha mkono wa kushoto nyuma, kiganja wazi.

"Ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa nyumba, bwana. Nina kumi na moja msumarini kwangu baridi hii. Wako utakuwa wa kumi na mbili. Nitapita asubuhi na jioni."

"Umejuaje?"

Metro aligonga kwa bisibisi lile bomba kubwa la bati linalopanda darini na kugawanyika kwenda vyumbani. "Feni imezimwa. Feni ikizimwa, bomba hili linaleta kila kitu, neno kwa neno. Miaka arobaini nimekaa chini ya sakafu za watu, Orest. Unadhani sijui nani katika mji huu aliolewa kwa hasira?"

Masikio ya Orest yalipata moto. Alitoa mkufu wa funguo mfukoni, na kuuchomoa ule mmoja kukamchukua muda, maana haukuwa umetoka pale tangu waingie nyumba ile. Akauweka katika kiganja cha Metro. Metro akautia mfukoni bila kuutazama.

"Metro?" Ilikuwa sauti ya Stefka, imetoka ndani ya bati, karibu kabisa, kama amesimama nao.

"Naam, shemeji."

"Kumbe unasikia!"

"Nasikia kuliko nilivyotaka."

Sahani zikagongana huko juu. "Basi mwulize huyo kama ana koti la mvua."

Orest hakuwa nalo. Alikuwa na makoti manne, na hakuna hata moja lililotengenezwa kwa ajili ya maji. Aliinua uso akaliambia bati, "Sina."

"Tutanunua hukohuko," Stefka alisema. "Kama Jumanne ndege imejaa, tutakwenda Jumatano."

Metro aliinuka kwa kujisukuma na goti, akaufunga mlango wa tanuri, akafuta mikono katika suruali. Kidole chake kikaenda kwenye swichi.

"Nyaya tayari. Nikiwasha tu, feni itavuma na hamtasikizana tena. Niwashe?"

Baridi ilikuwa imeanza kupanda sakafuni, na Orest aliisikia katika vifundo vya miguu. Alisogea mpaka kwenye bomba, akaweka mkono wake juu ya bati.

"Bado," alisema. "Sijamaliza kumwambia."